Kuprinti picha kwenye kitambaa nyumbani bila kuchuja: njia ninazotumia hapa Mikindani

Jamani watu wengi wananiuliza kuhusu foronya na mikoba yenye picha ninayoshona, wanadhani nina mashine kubwa nimeificha mahali, hamna. Nina printa ya kawaida ya wino ya kuweka mezani, cherehani ya kukanyaga, pasi ya umeme na kitambaa cha pamba, basi. Nipo Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwaiyo vitu nitakavyotaja ni vya kupatikana stesheneri au kwa wauza vitambaa sokoni, vile vya kuagiza ng'ambo nitavigusa kidogo tu ili ukiangalia video za watu wa mbali ujue wanaongelea nini.

Neno kubwa kuliko yote nalisema mwanzoni kabisa: jua wino wako kwanza, kitambaa baadaye. Mi nilifanya kinyume.

Nilipoanza alikuja mama mmoja, namwita mama mkubwa kwa heshima, akaleta picha ndogo ya marehemu mumewe, nyeusi na nyeupe, zile za studio za zamani zenye kingo za mawimbi. Alitaka mto wa kuweka kwenye kiti alichokuwa anakalia mzee. Nikaprinti ikatoka safi kabisa, nikashona, akaondoka nao amefurahi. Baada ya wiki mbili akarudi nao ameufunga kwenye kanga, aliuloweka tu kwenye maji na sabuni kidogo na uso wa mzee ukageuka zambarau alafu ukayeyuka. Hakunigombeza, alikaa barazani akawa anautazama tu, na siku hiyo sikushona kitu kingine chochote. Toka hapo sitoi kazi mkononi mwa mtu kabla sijaifua mwenyewe.

Wino

Printa za nyumbani za wino zina wino wa aina mbili. Kuna wino wa dai, huu rangi imeyeyuka kabisa kwenye maji kama ukichanganya juisi ya unga, na kuna wino wa pigimenti, huu rangi ni chembechembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji, yakikauka maji chembe zinabaki zimeng'ang'ania. Wa dai unapendeza sana ukiwa mbichi lakini ukikutana na maji kwenye pamba unaondoka nayo. Wa pigimenti unavumilia.

Kujua wako ni upi ni rahisi, huhitaji kumuuliza mtu. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, printi vibonge vinne vya rangi, cheusi, cha buluu, cha pinki na cha njano, acha ikauke mpaka kesho yake, alafu dondoshea tone la maji kwenye kila kimoja, subiri dakika moja ufute na tishu. Kinachosambaa na kuacha dimbwi la rangi ni dai, kinachobaki kama kilivyo ni pigimenti. Fanya kwa kila rangi peke yake, usiishie kwenye moja, kwa sababu printa nyingi sana wino mweusi ni pigimenti na zile rangi nyingine tatu ni dai! Na hapo ndipo siri ya picha ya yule mzee ilipokuwa. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe lakini printa yangu niliiacha kwenye rangi, kwaiyo kile kijivu ikakitengeneza kwa kuchanganya buluu na pinki na njano, maji yalipoingia kila rangi ikashika njia yake ndo maana ukatoka uzambarau. Ningeiambia itumie wino mweusi peke yake picha ingekuwepo mpaka leo.

Ukiona printa yako rangi zote ni dai usiitupe, kuna dawa nitaieleza huko chini, na kuna kazi ambazo haziguswi na maji kama picha ya kuning'iniza ukutani au kava ya albamu.

Printa ya leza na mashine ya fotokopi ni habari nyingine. Zile hazina wino wa maji, zina tona, unga wa plastiki unaoyeyushwa na rola la moto linalokaribia nyuzi 200. Usije ukapitisha humo kitambaa kilichobandikwa kwenye stika, gundi inayeyuka kwenye rola na umemharibia mwenye stesheneri mashine yake ya kulia ugali. Tona tutaitumia kwa njia ya pili.

Kitambaa

Pamba tupu. Ukienda sokoni omba popolini nyeupe ya pamba, au bafta, au amerikani. Amerikani wengine wanaita merikani, ni ile pamba ya rangi ya krimu haijang'arishwa, na jina lenyewe lilitokana na nguo za viwanda vya Marekani zilizokuwa zinaletwa Zanzibar karne ya 19 na wafanyabiashara wa Salem. Mi naipenda kwa picha za zamani maana ule ukrimu wake unafanya picha ionekane ya siku nyingi, ila ukitaka rangi zing'ae chukua popolini nyeupe yenye nyuzi za karibukaribu. Kadri nyuzi zinavyobanana ndivyo macho na maandishi madogo yanavyotoka vizuri, kwenye turubai picha ya sura inakuwa kama imechorwa kwa chaki.

Kuhusu bafta niseme kitu. Bibi yangu aliponiona nakata bafta nyeupe mezani alisimama mlangoni akaniuliza tumefiwa na nani. Huku kwetu bafta ni sanda, wengi ndo wanavyoijua, kwaiyo kama unamshonea mtu zawadi ya mtoto mchanga au bwana harusi nakushauri tumia popolini, hata kama bafta bei yake imekaa vizuri. Sio kila anayeguswa atakwambia.

Muuzaji anaweza kukwambia pamba kumbe tetroni, yani poliesta, na yeye sio lazima awe anakudanganya, mara nyingi hajui. Chomoa uzi mmoja mmoja wa urefu na wa upana uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini, tetroni inajikunja inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Wino wa maji hauingii kwenye tetroni, unakaa juu juu tu.

Sasa kifue. Kitambaa kipya kina stachi na mafuta ya kiwandani, wino hauwezi kupenya hapo. Maji ya moto na sabuni ya unga, suuza mpaka maji yatoke meupe, na kama ni amerikani ichemshe kabisa kwenye sufuria nusu saa maana ile ina mafuta yake ya asili ya pamba na vijicho vya mbegu. Kwa wino wa pigimenti usiweke dawa ya kulainisha. Pia kikifuliwa hivi kinasinyaa mapema, kuliko kije kisinyae na picha ikiwa juu yake. Anika, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo kinyooke kabisa.

Dawa ya wino wa dai

Hii ni kwa wale wenye wino wa dai tu, wengine rukeni. Siki na chumvi ambazo kila mtu anakushauri havisaidii kitu kwenye pamba kwa wino huu, nimejaribu mpaka nyumba nzima ikanuka achari. Kinachosaidia ni shabu, ile ile ya kutulizia maji ya kisima.

Maji ya moto vikombe viwili, weka magadi meupe yaliyosagwa vijiko viwili vya chakula yayeyuke, alafu shabu ya unga vijiko vinne, uweke kidogo kidogo na kwenye beseni kubwa kwa sababu itafura na kutoa povu, ikitulia ongeza nusu kikombe cha dawa ya kulainisha nguo. Loweka kitambaa nusu saa ukikigeuzageuza, kikamue taratibu, anika kivulini bila kusuuza, kikikauka piga pasi. Inavyofanya kazi ni kwamba wino wa dai una chaji hasi na dawa ya kulainisha pamoja na shabu vina chaji chanya, vikikutana vinashikana vinakuwa kitu kisichoyeyuka kirahisi. Kirahisi, nimesema. Kitavumilia kufuliwa kwa mkono na maji baridi mara kadhaa lakini usishonee nguo ya shule.

Kukipa kitambaa mgongo

Printa haiwezi kuvuta kitambaa kilichonyong'onyea, lazima kishikwe na kitu kigumu nyuma yake. Wamarekani wanatumia karatasi ya kufungia nyama ya kwenye friza, ina plastiki upande mmoja, unaibandika kwa pasi. Sisi hatuna hiyo ila tuna karatasi ya stika A4 nzima isiyokatwakatwa, ipo stesheneri, na mi naona ni bora zaidi maana haihitaji moto.

Kata kitambaa kikubwa kidogo kuliko A4, kama sentimita 24 kwa 33, ukifuata uzi ulivyonyooka usikate mshazari. Kitandaze mezani. Bandua karatasi ya stika sentimita tano tu upande wa juu, ibandike kwenye kitambaa, alafu endelea kubandua kidogo kidogo huku unasukuma na kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Geuza, pitisha mti wa kusukumia chapati juu yake. Ndo sasa ukate kingo kwa rula na kisu kikali ibaki A4 kamili, sentimita 21 kwa 29.7, wala usitumie mkasi butu kwa sababu uzi mmoja tu unaochomoza ukigusa kile kichwa cha wino utapata mstari mweusi picha nzima au karatasi itakwama. Upande utakaotangulia kuingia funga na selotepu nyembamba, nusu juu ya kitambaa nusu nyuma. Stika moja unaweza kuitumia mara mbili hata tatu kabla gundi haijachoka.

Kitu ambacho watu wa bara hawakikuti ni huu unyevu wetu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwa zinanyesha na hewa ya bahari inavyoingia ndani, kitambaa unachokiona kikavu kumbe kimekunywa maji hewani, wino ukifika unatawanyika pembezoni kama wino kwenye karatasi ya choo, na ile kona ya stika inabanduka yenyewe. Piga pasi kitambaa dakika hiyo hiyo unayobandika, na kikishabandikwa kiprintiwe siku hiyo hiyo. Kikilala usiku, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na mchele kidogo uliokaangwa, ukapoa, ukafungwa kwenye kitambaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi ndo balaa, kitambaa kinabaki kimebanwa mdomoni, usikivute kwa nguvu, fungua mfuniko ukitoe taratibu kwa kufuata njia kilichoingilia.

Picha yenyewe

Printa haina wino mweupe. Sehemu yoyote nyeupe kwenye picha ni kitambaa kinachoonekana, kwaiyo kitenge cha rangi au kitambaa cheusi sahau kwa njia hii.

Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp imebanwa, mwambie mwenye nayo akutumie kama dokyumenti. Kipimo ninachotumia ni nukta 200 kwa kila inchi, yani kama unataka picha ya upana wa sentimita 20 iwe na pikseli kama 1,600 kwa upana. Chini ya hapo kitambaa kinasamehe zaidi kidogo kuliko karatasi, lakini sura ya mtu haisamehe. Picha za zamani za karatasi usizipige na simu chini ya taa, zipige nje kivulini asubuhi, simu imelala sambamba na picha, au peleka kuskani mjini.

Alafu ipandishe ukali. Kitambaa kinafifisha picha, kwaiyo kwenye simu ongeza mwanga kidogo, ongeza utofauti wa giza na mwanga, ongeza rangi, mpaka kwenye skrini uone imezidi kidogo, ikitoka kwenye kitambaa itakuwa sawa. Sura za watu weusi zinahitaji umakini hapa jamani, ukipandisha ukali kwa pupa uso unakuwa doa moja jeusi lenye macho, inabidi uongeze mwanga kwenye zile sehemu za giza tu, mashavu na paji la uso, kabla hujagusa kitu kingine.

Picha gani? Huku kusini tuna utajiri. Boma la Mikindani la mwaka 1895 linatoka vizuri sana kwa sababu ya zile kuta nyeupe na vivuli. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yapo kwenye urithi wa dunia toka 1981, kwa wino mweusi kwenye amerikani yanafanana na ramani ya zamani. Kwa watoto nachora mwenyewe kwa kalamu yule mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru kule Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, naona ni haki mtoto wa Lindi amlalie kwenye mto wake. Na tawi la mkorosho lenye bibo na korosho yake, hilo linauzika msimu wote wa mavuno watu wakiwa na hela.

Ila sura za mapiko, vile vinyago vya kuvaa vya ngoma za Wamakonde, tuziulizie kwanza. Kuna za kuchezwa hadharani kila mtu akaona na kuna mambo ya jando ambayo wazee hawapendi yakae kwenye mkoba wa kubebea nyanya, muulize mzee anayejua. Na mchoro wa mchoraji mwingine ulioukuta mtandaoni sio wako, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na hata isingekuwepo yule naye anakula kwa huo mchoro.

Kuprinti

Kwanza printi kwenye karatasi uone ukubwa. Alafu ingiza kitambaa kimoja tu, hakuna kurundika, na kama printa yako inaingizia karatasi kwa nyuma ni nzuri zaidi kuliko zile za droo ya mbele ambazo zinapindua karatasi mzunguko mzima ndani.

Kwenye mipangilio chagua karatasi ya kawaida, ubora wa juu kabisa. Usichague karatasi ya picha! Hili wengi hawalijui, printa nyingi ukiziambia ni karatasi ya picha zinaacha kutumia ule wino mweusi wa pigimenti zinaanza kutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi, na umerudi kulekule kwa mzee wa zambarau. Kwa picha nyeusi na nyeupe weka kijivu na wino mweusi peke yake. Picha usiigeuze kushoto kulia kwa njia hii, unaprinti kama ilivyo.

Ikianza kuvuta, isaidie kwa kidole kidogo tu mpaka ishike, alafu ondoa mkono. Ikitoka usiiguse, ilaze saa moja, bandua stika taratibu ukivuta stika na sio kitambaa, alafu iache siku nzima kivulini.

Kesho yake pasi. Kavu, bila mvuke, moto wa pamba, weka kitambaa cheupe chembamba juu yake na ukandamize bila kusugua, kila sehemu sekunde 30 hivi. Pasi ya mkaa inafaa kama umeizoea, lakini futa majivu chini na uipime kwenye kiraka, maana moto wake unapanda na kushuka.

Alafu ndo ufue. Beseni la maji baridi mengi, tone la sabuni ya maji, zamisha kitambaa kikiwa kimetandaa, kisogezesogeze dakika mbili tatu, na usikiache kijikunje kikiwa kimelowa maana rangi iliyotoka inahamia upande wa pili. Maji yakipata rangi kidogo ni wino uliozidi, badilisha. Yakiendelea kuwa na rangi baada ya maji ya tatu, hiyo kazi haifai kumpa mtu. Usikamue, ikunje ndani ya taulo ulikandamize, anika kivulini.

Njia ya fotokopi na gundi

Kama huna printa kabisa, hii ndo yako. Nenda stesheneri, omba wakutolee picha kwenye mashine ya leza au fotokopi, na hapa lazima waigeuze kushoto kulia, hasa ikiwa na maandishi, la sivyo jina la mtoto litasomeka kwenye kioo tu.

Gundi nyeupe ya maseremala, chagua iliyoandikwa inahimili maji. Paka kwa brashi juu ya picha yenyewe unene wa kuifunika isionekane vizuri, ilaze kifudifudi kwenye kitambaa, sukuma na mti wa chapati kutoka katikati, futa gundi inayotoka pembeni. Sasa subiri. Siku nzima kiangazi, siku mbili kipindi cha mvua, na hapa ndipo watu wanaharibu kwa haraka zao. Ikikauka kabisa lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji na anza kusugua na ncha za vidole kwa mzunguko, karatasi inatoka kama vijinyoya vya ufutio na picha inabaki kwenye kitambaa. Ukimaliza ikikauka utaona ukungu mweupe, hizo ni nyuzi za karatasi zimebaki, lowesha tena usugue tena, mara tatu nne, polepole. Ukungu ukiisha paka gundi nyembamba sana juu kufunga. Kinakuwa na ngozi ngumu kidogo kwaiyo kinafaa mkoba, kava, pochi, picha ya ukutani, sio kitu cha kulalia. Na usikipige pasi kwa juu, gundi inalainika.

Kuna wanaotumia asetoni au thina badala ya gundi, unalaza fotokopi kifudifudi, unagusagusa kwa pamba iliyoloweshwa alafu unasugua mgongo na kijiko, tona inayeyuka inahamia kwenye kitambaa. Inatoka picha ya kama mhuri wa zamani, nzuri kwa maandishi na michoro. Lakini fanyia nje kabisa, mbali na jiko la mkaa, mjamzito na watoto wasiwepo, ile harufu ni sumu na mvuke wake unashika moto ukiwa hata hujauona.

Kuhusu karatasi za transfa za kupiga pasi, zipo mjini mara moja moja, fuata maelezo ya pakiti, geuza picha, na pigia pasi juu ya meza ngumu sio kwenye godoro. Na wale wanaochapa vikombe na jezi wanatumia sablimesheni, wino unaogeuka mvuke kwa moto, ile inataka poliesta nyeupe na presi ya moto wa karibu nyuzi 200, kwenye pamba haikai.

Kushona

Kumbuka nafasi ya mshono kabla hujaprinti, acha sentimita 1.5 pande zote bila kitu cha maana, nimeshaona paji la uso la mtu limeingia ndani ya pindo. Pini usichome kwenye picha, matundu yanabaki, choma kwenye kingo. Nyuma ya picha bandika kile kitambaa kigumu cha pasi tunachoweka kwenye kola, alafu bitana, picha haitajikunja. Sindano mpya nyembamba, namba 11.

Kwa mto mi nashona picha katikati kama mji wa kanga, alafu pembeni nazungushia pindo la kanga yenyewe, iliyochakaa katikati lakini kingo bado nzima. Kila nyumba ina kanga ya hivyo. Ukiweza kukata na lile jina lake likabaki chini ya picha, kata.

Yule mama mkubwa nilimtengenezea mwingine. Ile picha ya karatasi alikuwa bado anayo, nikaipiga upya asubuhi kivulini, nikaprinti kwa wino mweusi peke yake kwenye amerikani, nikaifua mara tano mwenyewe kwa siku tano tofauti kabla sijashona, na pindo alileta yeye, kanga aliyokuwa amepewa na mzee. Aliniuliza kama sasa anaweza kuufua. Nikamwambia afue kwa mkono, maji baridi, ageuze ndani nje, aanike kivulini na pasi apige kwa nyuma.